Krismasi kwa jazi laini: namna ya kuzipiga zile nyimbo za zamani na watu bado wakazitambua

Kila Novemba ikianza hapa Tanga vijana wa kwaya na hawa wanaopiga kwenye hoteli za Raskazone wananiuliza kitu kimoja, eti zile Krismasi za saksafoni na kinanda laini tunazozisikia YouTube zinapigwaje, mbona sisi tukijaribu inatoka sebene au inatoka msiba. Basi leo naandika kwa kirefu, mwenye kinanda akae nacho karibu, mwenye gita alipakate, maana haya mambo ukiyasoma tu bila kugusa hayaingii.

Kwanza kabisa, na hili ndo jambo lenyewe, mengine yote yanalifuata hili: tuni usiiguse. Iache vile bibi yako anavyoijua, nota kwa nota, af badilisha kilicho chini yake. Wengi wanadhani kupiga jazi ni kuipamba tuni mpaka isijulikane, kila neno linazungushwa weee, mpiga kinanda naye anajaza kila nafasi utadhani kukaa kimya ni kosa. Kwenye nyimbo za Krismasi hiyo haifai kabisa, kwa sababu nguvu ya nyimbo hizi ni kwamba mtu anazijua toka utotoni, ukimnyang'anya tuni umemnyang'anya Krismasi yake, anabaki anakuangalia tu. Lakini ukimwachia tuni yake ukabadilisha kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) chini yake, anaimba kile kile alichozoea na bado mwili unamsisimka na hajui kwa nini.

Kabla ya kupiga, sikiliza. Jazi laini ninayoisema ni ile ambayo redio za Marekani zilianza kuiita smooth jazz miaka ya 1980, mizizi yake ni kina George Benson na albamu yake Breezin' ya 1976, na Grover Washington Jr. na Winelight ya 1980, yaani gita safi, saksafoni inayoimba, kinanda cha umeme, besi nene, dramu zimetulia. Upande wa Krismasi albamu iliyofanya kazi kubwa ni Miracles ya mpiga saksafoni Kenny G ya 1994, ilifika namba moja kule Marekani, na ukiisikiliza kwa makini utaona jamaa hafanyi mengi, tuni inapita yote, mapambo anayaweka mwisho wa mstari pale ambapo muimbaji angekuwa anavuta pumzi. Hapo mwisho wa mstari pakariri. Af rudi nyuma zaidi, msikilize Nat King Cole, sikiliza Ramsey Lewis na wenzie wawili kwenye Sound of Christmas ya 1961, sikiliza Vince Guaraldi na ile albamu yake A Charlie Brown Christmas ya 1965, kinanda, besi na dramu ndo msingi. Hao wakati wao hilo jina la jazi laini halikuwepo ila shule iko kwao. Vaa hedifoni, wimbo mmoja usikilize raundi ya kwanza ukifuata besi tu, raundi ya pili dramu tu, raundi ya tatu mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Ukisikiliza vyote kwa pamoja utafurahi ila hutajifunza.

Na wewe wa Tanga una mtaji ambao pengine hujaukumbuka. Mji huu ulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, muziki wao ni dansi, siyo hii jazi ya Kimarekani, lakini hebu sikiliza magita yao, gita la solo likisema gita la ridhimu linajua mahali pa kukaa, hakuna anayemkanyaga mwenzie. Black Star na Lucky Star nao wakaingiza magita na besi kwenye taarabu na bado sauti ya muimbaji ikabaki juu ya kila kitu. Sikio hilo la kupishana ndo linalotakiwa hapa, wazee wa mji huu walishalifanyia kazi, sisi tunalihamishia kwenye kodi nyingine tu.

Kuchagua nyimbo sasa. Kuna zile za kanisani ambazo kitabu kinakupa kodi tatu nne, Usiku Mtakatifu, Adeste Fideles, What Child Is This ambayo tuni yake ni Greensleeves ya Waingereza wa zamani sana, hizi ndo nzuri kwa kujifunzia kwa sababu kodi zake ni chache kwa hiyo una nafasi ya kuweka zako. Af kuna zile za Wamarekani za miaka ya 1940 kama The Christmas Song na Have Yourself a Merry Little Christmas, hizi zilizaliwa na kodi za jazi ndani yake tayari, hapo usiongeze kitu, jifunze kodi zilizopo uzipige taratibu.

Kuna watu wananiambia nyimbo za theluji hazituhusu, Desemba hii pwani tunalowa jasho saa mbili asubuhi, theluji ya wapi. Nawaelewa, ila jueni kwamba The Christmas Song iliandikwa mwaka 1945 kwenye joto kali la California, Robert Wells alikuwa anaandika mistari ya baridi apate angalau kuwaza ubaridi, Mel Tormé akaikuta hiyo mistari na wimbo ukatoka. Let It Snow nayo ni mwaka huo huo, Julai, Hollywood kukiwa kunaungua. Na White Christmas ya Irving Berlin ina ubeti wa mwanzo ambao wengi huwa wanauruka, mwenye kuimba yuko Los Angeles kwenye jua na mitende anakumbuka baridi ya kwao. Kwa hiyo mtu anayeziimba hapa Chumbageni na feni imemwelekea yuko ndani ya wimbo kabisa. Mimi kama nina muimbaji mzuri namwambia huo ubeti uliosahaulika aanze nao, taratibu, kinanda peke yake, wengine waingie baadae.

Ambayo nashauri uiache ni Joy to the World. Tuni yake inaanza kwa kushuka ngazi nzima kutoka do ya juu mpaka do ya chini, inataka shangwe, ukiipoza inanyong'onyea. Iache ipigwe na tarumbeta asubuhi ya sikukuu kwa sauti yake yote.

Tuanze kazi na Usiku Mtakatifu, yaani Silent Night. Wimbo huu uliimbwa mara ya kwanza usiku wa tarehe 24 Desemba 1818 kwenye kanisa la Oberndorf huko Austria, maneno ya padri Joseph Mohr, tuni ya Franz Gruber, na chombo kilichowasindikiza kilikuwa gita. Gita! Kwa hiyo mtu akikwambia kanisani kwamba gita laini linaushushia heshima wimbo huu, mwambie kwa adabu tu kwamba ulizaliwa nalo.

Chukua ki ya C (yaani do iko kwenye C) ili tuelewane, uhesabu vipimo vya 6/8 (hesabu sita kila kipimo), viko kumi na mbili. Kitabu kinakupa C, F na G7. Mstari wa kwanza so-la-so-mi unarudiwa mara mbili na kitabu kinasema C zote mbili. Wewe ya kwanza piga Cmaj9, ya pili piga Am9. Basi. Tuni haijasogea hata kidogo ila mara ya pili imeingia giza fulani hivi la usiku. Kipimo cha tatu ni re-re-ti, kitabu kinasema G7, wewe gawanya, re-re ipe Dm9, ti ipe G13. Cha nne ni do-do-so, do-do ipe C6/9 na hapo usipige Cmaj7, maana do ya muimbaji na ti iliyo ndani ya kodi zitagombana, unasikia kitu kinakwaruza hujui ni nini, ni hicho. Sheria hiyo ishike kwenye nyimbo zote, muimbaji akiwa kwenye nota inayoipa kodi jina, wewe tumia nota ya sita na ya tisa, ile ya saba kubwa (kwenye C ni ti) iweke pembeni. Ile so ya mwisho inayovutwa usiiache ikae bure, weka Gm7 halafu C9 chini yake, unasikia kabisa wimbo unasukumwa kuingia F.

Cha tano la-la-do-ti-la unaingia Fmaj9, ile ti inayopita juu ya F ina utamu wake, usiifunike kwa makelele, iache isikike. Cha sita so-la-so-mi nusu Em7 nusu A7. Cha saba tuni inarudi la-la-do-ti-la, kitabu kinasema F tena, wewe piga Dm9. Cha nane Cmaj9, unapumzika. Cha tisa re-re-fa-re-ti, ndo kilele cha wimbo, Dm9 na G13. Cha kumi do halafu mi, Am9. Cha kumi na moja do-so-mi piga C lakini besi akae G, so-fa-re piga G7 ya kawaida kabisa, usipambe. Cha mwisho do. Ubeti wa kwanza na wa pili malizia C6/9, ila ubeti wa mwisho wa mwisho muimbaji aishikilie ile do na wewe chini yake pita Abmaj7, kisha Dbmaj7, ndo utue C6/9. Do ile ile iko ndani ya kodi zote tatu, yeye hajasogea popote, ardhi ndo imezunguka chini yake. Nimeona watu wazima wakifumba macho hapo.

Vidole sasa maana najua mtasema kodi zenyewe nene tutazishikaje. Kama mpiga besi yupo, nota ya mzizi (ile inayoipa kodi jina) mwachie yeye, wewe usiipige kabisa. Dm9 kushoto shika F na C, kulia E na A. Sasa kwenda G13 usihamishe mkono, ile C ishushe iwe B, kidole kimoja, nyingine tatu zibaki palepale. Umepata F, B, E, A. Kwenda Cmaj9 shusha F iwe E, B ibaki, E iwe D, A iwe G. Kaa na hizo kodi tatu jioni nzima, nenda rudi nenda rudi, mpaka mkono ujue wenyewe. Ulaini wote unaousikia kwenye hizo rekodi unatoka hapa, nota zinasogea hatua ndogo ndogo badala ya kuruka. Mpiga kinanda anayerusha mkono mzima kila kodi hata akiwa na kinanda cha mamilioni hatatoa jazi laini.

Ukishazoea C hamisha, kwa sababu kwa C wimbo huu unatoka do ya chini mpaka fa ya juu na waimbaji wengi hiyo fa inawakaba. Bb ni nzuri, kwenye kibodi kuna kitufe cha transpozi, yaani cha kuhamisha ki, shusha mbili. Na ukiwa na tarumbeta au saksafoni ya tena au soprano, Bb yako kwenye karatasi yao inasomeka C, watakushukuru, mwenye alto yeye itasomeka G.

Kuna kitu kingine kitamu nataka mkione, kiko kwenye Jingle Bells, wimbo wa James Pierpont wa 1857, ambao kila mtu anaudharau kwa sababu ni wa watoto. Kiitikio chake ni mi-mi-mi, mi-mi-mi, nota moja inagongwa. Sasa shika E kwa mkono wa kulia usiiachie, kushoto piga Cmaj7, halafu Am7, halafu Fmaj7, halafu Dm, halafu G7. Umesikia? Ile mi juu ya C ni ya tatu, juu ya Am ni ya tano, juu ya F inakuwa ya saba, juu ya Dm ya tisa, juu ya G ya kumi na tatu. Kila ukishusha kodi ile E inabadilika rangi, inaanza na kicheko inaishia na hamu ya nyumbani, na hujaigusa. Kwa hiyo kiitikio piga Cmaj7, Am9, kwenye mi-so-do-re weka Fmaj9, ile mi ya mwisho inayovutwa Dm9 kisha G13, halafu zinazofuata fuata kitabu. Tempo shusha mpaka kama biti 88 kwa dakika. Watu wataanza kutikisa kichwa kabla hawajagundua ni Jingle Bells.

Kwenye mwendo kuna jambo la kwetu. Wengi wanauchukua Usiku Mtakatifu wanaugeuza nne kwa nne ili ufanane na zile rekodi, mimi nasema uache kwenye 6/8 yake. Watu wa pwani sita kwa nane wanayo mwilini, chakacha ni hiyo, ngoma nyingi za huku ni hiyo, wakiisikia polepole wanatulia nayo bila kufundishwa. Weka metronomu kama 46, unahesabu moja-mbili-tatu nne-tano-sita, moja na nne ndo biti zenyewe. Besi apige moja na nne, ndefu, zikutane, na mara moja moja asukume kwenye sita kuingia kipimo kipya. Mpiga dramu akae na brashi, agonge ukingo wa pembeni wa snea kwenye nne tu, kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, aisahau. Kama dramu hamna, au iko na mpigaji hajui kupiga kidogo (wako wengi na ni watu wazuri tu), mwondoe umpe kayamba. Kayamba ukiishika bapa ukaiinamisha polepole upande mmoja, zile mbegu zinateremka ndani ya mabua zinatoa sauti ya kumwagika, ndefu, af ukiirudisha inamwagika upande wa pili. Inamisha kwenye moja, rudisha kwenye nne. Haigongwi, inamwagwa. Kwa masikio yangu hiyo inaizidi brashi, na kwenye maiki inaingia safi sana.

Kibodi yenyewe, zile za kanisani karibu zote zina midundo ya kujipiga, zima. Zima kabisa. Chagua sauti ya kinanda cha umeme, ile inayolia kama kengele nene, usichague zile sauti za nyuzi (strings) zinazojaa chumba kizima. Gita tumia pikapu (ile inayonasa sauti ya nyuzi) ya karibu na shingo, toni ipunguze, acha piki utumie nyama ya kidole gumba, na usikung'ute nyuzi sita, nyuzi tatu au nne za katikati zinatosha. Hewa ya chumvi ya huku nyuzi zinakufa mapema, futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, nyuzi zenye kutu hazitoi ulaini hata upige vipi.

Saksafoni Tanga ni za kutafuta, ila tarumbeta zipo, makanisa ya Kilutheri yana bendi zake na kuna wapigaji hodari. Tarumbeta inaweza kuwa laini kuliko watu wanavyodhani, sogea karibu na maiki upige kwa pumzi ndogo, mdomo mpana wa mbele wa tarumbeta uzibe nusu kwa ile raba ya kuzibulia sinki, mpya jamani, imetolewa mti wake. Kuna mzee mmoja wa tarumbeta alikuja kutusikiliza mazoezini, vijana wakamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia akakaa kimya wimbo mzima, ulipoisha akamwambia kijana wa tarumbeta, "Mjukuu wangu, nota unaikata. Iache iishe pumzi yenyewe." Ni hilo tu, na wimbo ukabadilika pale pale. Nota za mwisho wa mstari kwenye muziki huu hazikatwi, zinafifia.

Muimbaji. Mwambie achelewe kidogo. Siyo kupotea biti, ni kuanza mstari nukta kidogo baada ya biti halafu kukutana na wenzie mwisho wa mstari, wakati huo bendi isimsubiri, bendi ikae pale pale kwenye mwendo wake, akichelewa mkamsubiri wimbo unazama wote. Na aimbe karibu na maiki kwa sauti ya kuongea na mtu mmoja, huku kwaya tumezoea kuimba kwa nguvu ili waliokaa nyuma wasikie, hapa spika ndo inayofanya kazi hiyo. Kwa maneno ya Kiswahili silabi zinakuwa nyingi kwa hiyo kuchelewa kuna kikomo, zoezeni mstari kwa mstari. Wanakwaya wengine kama wapo waingie ubeti wa mwisho tu, kwa kuguna, sauti tatu, ya juu wamwachie muimbaji.

Mpangilio mzuri ni huu: vipimo vinne vya kuingilia kinanda na kayamba, ubeti wa kwanza muimbaji, wa pili muimbaji na tarumbeta ikijibu mwisho wa mistari, raundi moja ya solo, ubeti wa mwisho na ile do ya kuzungushiwa. Dakika mbili na nusu hivi imeisha. Solo isizidi raundi moja na ianzie kwenye tuni, piga mstari wa kwanza kama ulivyo, wa pili badilisha nota mbili, wa tatu acha nusu yake kimya, mtu asipoteze anapoimba moyoni. Ngazi ya nota tano, do re mi so la, inatosha wimbo mzima, vitu vingine weka akiba.

Mkipiga hotelini au mgahawani kando ya bahari kumbukeni watu wamekuja kula na kuongea. Sauti iwe ya kwamba watu wa meza ya mbele wanaweza kuzungumza bila kuinamiana. Desemba kaskazi inavuma, maiki bila sponji itasikika upepo tu, na spika zielekezwe upande ambao upepo unakwenda. Ratiba ya sauti ya majaribio pangeni mkijua saa za adhana, ikianza nyamazeni, majirani zetu hao na wengi wao ndo watakaokuja kusikiliza jioni na kula pilau pamoja na nyie.

Kurekodi kwa simu inawezekana kabisa. Tafuta chumba chenye makochi na mapazia mazito, zima feni na friji, joto vumilieni dakika mbili tatu, mchana kunguru wa mji huu hawatawaacha kwa hiyo rekodini usiku. BandLab ni programu ya bure kwenye simu, unaweza kurekodi kinanda kwanza, besi baadae, sauti mwisho, kila kimoja njia yake. Mwangwi weka kidogo kwenye sauti na tarumbeta, kwenye besi usiweke kabisa.

Kabla ya kupandisha mtandaoni angalieni wimbo ni wa nani. Usiku Mtakatifu, Jingle Bells, Adeste Fideles, Greensleeves, hizi ni za zamani sana hazina mwenye kudai, mpangilio mlioutengeneza ni wenu. Lakini The Christmas Song, White Christmas, Let It Snow, Have Yourself, hizo bado zina wenyewe, ukiipandisha YouTube mapato yanaweza kwenda kwao au video ikafungwa, na ukitaka kuuza lazima upate ruhusa. Mkiwa na mpango wa kupiga au kutoa kibiashara pitieni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, muulize, na mpangilio wenu wa zile za zamani muusajili hapo hapo.

Mazoezi anzeni katikati ya Novemba na wimbo mmoja tu, Usiku Mtakatifu, msiongeze wa pili mpaka kayamba, besi na kinanda vikae pamoja bila mtu kuhesabu kwa mdomo. Wa pili uwe Jingle Bells, wa tatu What Child Is This, hiyo ni ya majonzi yenyewe kwa hiyo anzeni na Am9 muende D9, muirudie hiyo njia mpaka mdomo wa mpiga tarumbeta uzoee, na zile za Wamarekani ziingie mwishoni zikibaki siku. Rekodi itoke wiki ya kwanza ya Desemba, baada ya hapo waimbaji wote wa mji huu wanakuwa na harusi na sendofu na hutawapata tena mpaka Januari.